Sindano na Chupa ya Uji

Chuchu ya chupa ya mtoto, inapotoka dukani, huwa na tundu dogo sana. Limefanywa dogo makusudi. Maziwa hupita hapo, uji haupiti. Nalijua jambo hili kuliko mengi niliyofundishwa shuleni, kwa sababu kwa karibu miaka tisa niligombana na mwanamke mmoja juu ya tundu hilo, na mwanamke huyo ndiye aliyemzaa mume wangu.

Binti yetu alizaliwa mwaka wa tisini na nne. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye ploti moja nyuma ya soko la Machakos. Mimi nilipiga taipu katika ofisi moja mjini, na mume wangu alikuwa karani kwenye mizani ya malori kule Mlolongo. Alilala huko siku za kazi, akaja nyumbani Ijumaa. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa miezi miwili, na kabla haijaisha ilijulikana wazi nani angekuja kumlea mtoto. Sikuulizwa. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na mwenye jina alikuwa hai, ana nguvu zake, anakaa Yatta upande wa Katangi akingoja tu kuitwa.

Jambo la jina nitalieleza, maana bila hilo mtu atadhani nilikuwa mkorofi bure. Mume wangu hakuwahi kumwita mtoto kwa jina. Alimwita "mwaitu", yaani mama yangu. Mtoto ana wiki tatu, hajui hata mkono wake uko wapi, na mwanamume mzima mwenye ndevu anamwinamia: "Mwaitu, umeamkaje?" Mwanzoni nilicheka. Baadaye sikucheka, kwa sababu nilianza kuona ugumu wake. Ni mwanamume gani wa Ukambani atamwambia mama yake, chakula hicho kinatosha, weka chini?

Mama mkwe alifika na kiondo cha unga wa wimbi na mtama aliosaga mwenyewe, mkebe wa majarini, sukari, na chupa mpya ya mtoto. Alimchukua mjukuu, akampima kwa mikono, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua boga sokoni.

"Huyu anakula nini?" aliuliza.

"Ananyonya, mwaitu." Na mimi nilimwita hivyo, kwa heshima.

"Kunyonya najua. Nauliza anakula nini. Huyu mtoto ako na njaa."

Mtoto alikuwa na wiki sita. Nilimwambia kliniki walisema nisimpe kitu kingine mpaka afike miezi minne. Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia, akasema hao wa kliniki hawalali na mtoto. Na mtoto, kama aliyekula njama na bibi yake, akaanza kulia. Katika nyumba yetu kilio kilikuwa na maana moja tu. Akilia kwa joto, ni njaa. Akilia kwa nepi, ni njaa. Akinyamaza akaangalia dari, basi njaa imemlegeza.

Nilirudi kazini. Saa nne asubuhi matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, na blauzi inalowa mbele ya mkubwa wangu nikiwa nachapa barua zake. Saa saba nilikimbia nyumbani, mbio kabisa, viatu mkononi nikishafika kwenye vumbi, ili nimnyonyeshe. Nilimkuta mtoto amelala, tumbo limejaa, na mdomo una ukoko wa uji. Nilimwamsha, nikampa titi. Aligeuza uso. Nilirudi ofisini, nikaingia msalani, nikayakamua maziwa kwenye sinki huku machozi yakinitoka kwa hasira, nikafungulia maji yakaenda. Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki. Kisha maziwa yakaanza kupungua, kama ambavyo lazima yapungue yasiponyonywa, na jioni moja mtoto alinyonya kidogo akalia, na mama mkwe akainua kichwa kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akichagua.

"Si nilikuambia? Hauna maziwa."

Hilo neno lilinichoma kuliko matusi. Yeye ndiye aliyeyakausha, kisha akawa shahidi kwamba yamekauka. Nilitaka kumjibu. Badala yake nilienda kuosha vyombo vilivyokuwa tayari vimeoshwa.

Siku niliyoiona sindano nilikuwa nimekuja nyumbani mchana vilevile. Nilisikia harufu ya mpira unaoungua kabla sijafungua mlango. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, ameshika kwa kitambaa sindano nene ya kushonea magunia, ile aliyozoea kuichomeka kwenye pindo la leso yake. Ilikuwa nyekundu nchani. Aliichukua ile chuchu, akaitoboa katikati, akaizungusha sindano polepole, kwa ustadi, kama fundi. Tundu likawa kubwa kiasi cha kupitisha punje ya mtama.

"Uji unakwama," aliniambia, bila haya wala wasiwasi. "Mtoto anavuta mpaka anachoka. Sasa utashuka wenyewe."

Ulishuka wenyewe kweli. Uji mzito, wenye majarini na vijiko vya sukari, ulimwagika kinywani mwa mtoto hata asipovuta, na yeye hakuwa na la kufanya ila kumeza. Akigeuza kichwa, mkono wa bibi ulikirudisha. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na mkoba begani. Ningeweza kuinyakua ile chupa. Nilijiambia nitasema jioni, na jioni nikajiambia nitasema Ijumaa mume wangu akija, na Ijumaa mume wangu alimwinua binti yake juu, akasema, "Mwaitu amekuwa mzito! Hii ni lori ya mchanga!" akacheka mpaka akakaa.

Kliniki nako hakukunisaidia. Siku za kupima uzito tulipanga foleni kwenye benchi, na kila mtoto alivishwa ile kaptura ya turubai na kuning'inizwa kwenye mizani, miguu ikining'inia. Kadi ilikuwa na njia iliyochorwa, na kila mama alisali nukta ya mtoto wake isianguke chini ya njia hiyo. Nukta ya binti yangu ilipita juu. Mwezi uliofuata ikapanda tena. Muuguzi alimtoa kwenye kaptura, akamshika juu mbele ya akina mama wote. "Mnaona mtoto? Mnaona mtoto wa mama anayejua kazi?" Wote wakageuka kunitazama. Kando yangu kulikuwa na msichana aliyefunika uso wa kichanga chake kwa shali kwa sababu kilikuwa chembamba.

Sasa nitasema lile ambalo sikulisema miaka hiyo yote. Nilifurahi. Nilitoka pale nimemwacha mtoto wazi bila shali, ili watu wa barabarani wamwone. Na wivu ulinishika. Sifa hizo zilikuwa za uji wa mama mkwe, si zangu, na mimi nilitaka zangu. Nilinunua maziwa ya kopo, nikayaficha nyuma ya mafuta ya kujipaka, na kila jioni mama mkwe akienda kuoga nilikoroga chupa nzima, na kijiko cha sukari juu yake, nikampa mtoto aliyekuwa ameshashiba. Na ile chuchu niliyotumia ni ileile, yenye tundu. Sikununua nyingine. Maziwa yalishuka haraka na hilo lilinifaa, kwa sababu nilikuwa na dakika chache. Baadaye sana niligundua kwamba yeye naye alikuwa akimpa chupa ya pili alfajiri nikiwa bafuni, akihofia kwamba mimi jioni simpi kitu. Wanawake wawili tulikuwa tunamlisha mtoto mmoja kwa siri, kila mmoja akiamini mwenzake anamlaza na njaa.

Mama mkwe alikaa nasi mpaka mtoto alipoanza nasari, kisha akarudi Katangi. Nikapumua, nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha hata kidogo. Kila likizo ya shule mwenye jina alimtaka mwenye jina lake, na kila mara mtoto aliporudi kwetu nguo alizokwenda nazo hazikufunga vifungo. Ijumaa nazo zilikuwa za baba yake. Aliingia na soda, mandazi kwenye gazeti, biskuti. Nikisema neno alijibu kwa upole unaotia kichaa: "Mwaitu ameitisha. Nitamwambia nini?"

Binti yetu alipokuwa darasa la pili, wenzake shuleni walianza kumpa majina. Sitayaandika. Alikuja nyumbani na pini ya usalama kiunoni mwa sketi, akaniomba niishone asionekane. Siku ya mbio za darasa alijificha chooni. Kutoka sokoni mpaka kwetu kuna kilima kifupi tu, na yeye alisimama mara mbili, akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Nilimpeleka kwa daktari mmoja mjini. Alimpima, akauliza anakula nini, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: mwaka wa kwanza alikula nini, na alianza lini? Nilianza kueleza habari za mama mkwe, nikaeleza kwa kirefu, mpaka akaniinulia mkono. Alisema hawezi kuniambia kwamba ni chupa peke yake iliyofanya hivi. Mambo ni mengi, na watoto hawafanani. Lakini mtoto anayelishwa kupita shibe yake tangu akiwa mdogo anaweza kukua bila kujua shibe yake iko wapi. Alisema nipunguze sukari na soda, nimwache acheze, na nisimtese.

Hilo la mwisho sikulisikia. Niliyasikia mengine yote. Nilifika nyumbani na sheria. Soda marufuku. Chapati moja. Nani kasema biskuti? Nilimtazama akila, kila tonge, na yeye alijua natazamwa. Mwezi haukuisha kabla sijapata nusu chapati ndani ya foronya ya mto wake, imekauka, imeacha alama ya mafuta. Nilipiga kelele siku hiyo mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mama mkwe alipopata habari alikuja mwenyewe kutoka Katangi, hakungoja likizo. Hakuketi.

"Unanyima chakula mtu ako na jina yangu?"

"Mwaitu, daktari amesema..."

"Wewe umeona mtoto akiisha? Mimi nimeona." Hapo sauti yake ilishuka. "Wa tatu wangu. Huo mwaka mvua ilikataa kabisa. Nilikuwa nakoroga uji ya maji tu, nampatia, na titi haina kitu. Alikuwa mwepesi hivi." Alinyosha kiganja, akakitazama. "Hata kulia aliacha. Huyu akilia, mimi nasikia vizuri. Wacha alie. Lakini apewe."

Zaidi ya miaka saba nilikuwa namjua, na mume wangu hakuwahi kuniambia kwamba kulikuwa na wa tatu. Nilimwonea huruma. Lakini huruma ile haikunifanya niache kukasirika, na hasira haikuniacha nimwonee huruma vizuri. Alilala kwetu siku mbili. Alipoondoka, mto wa mtoto ulikuwa na chapati nzima.

Mwaka wa elfu mbili na tatu nilijifungua mvulana. Wakati huo wauguzi walikuwa wanaimba wimbo mwingine: miezi sita, maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Muuguzi alinifundisha kukamua maziwa kwenye kikombe safi, kukifunika na kukiweka mahali pa baridi, mtoto anyweshwe nikiwa kazini. Nilitoka kliniki nimeyashika maneno hayo kama rungu. Safari hii, nilijiambia, hakuna atakayeniingilia. Huyu atakuwa wangu.

Mama mkwe alikuja, kama kawaida, na kiondo. Nilikuwa tayari. Siku nne nilimfuata kila alipokwenda. Jumamosi ya mwisho ya likizo yangu sote tulikuwa sebuleni. Mume wangu alikuwa anasikiliza redio, binti yetu anaandika kazi ya likizo kwenye meza ndogo, na mtoto akaanza kulia. Mama mkwe akatoa chupa mpya kwenye kiondo. Kisha akashika pindo la leso yake, akachomoa sindano. Ileile.

"Weka hiyo kitu, mwaitu."

"Ako na njaa."

"Nimemnyonyesha sasa hivi."

"Si umpatie tu kidogo," mume wangu alisema, bila kupunguza sauti ya redio. "Kidogo itamfanya nini?"

 Miaka tisa ilinijia mara moja: sinki ya ofisini, ile kadi ya kliniki, ile nusu chapati. Nilinyosha mkono nikaonyesha kwenye meza ndogo.

"Itamfanya nini? Mnataka huyu naye awe kama huyu?"

 Mume wangu alizima redio. Mama mkwe aliitazama sindano, akairudisha kwenye pindo, akaiweka chupa ndani ya kiondo. Nilikuwa nimeshinda, na nitasema kweli, ushindi ule ulikuwa mtamu. Binti yangu hakuinua kichwa. Aliendelea kuandika, na mimi nikafikiri hakusikia, au nilichagua kufikiri hivyo kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha.

Jumatano nilirudi kazini. Niliacha vikombe viwili vya maziwa vimefunikwa, vimesimama ndani ya beseni la maji baridi. Saa saba nilikimbia nyumbani kama zamani, ingawa mbio zenyewe zilikuwa zimepungua. Nilisikia mtoto analia kabla sijafika mlangoni, kisha nikasikia ile harufu ya mpira. Nilijua nitakachokikuta. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote.

Mlango ulikuwa nusu wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mjukuu mdogo mapajani, mkono mmoja ameunyosha mbele. Mbele yake alisimama binti yangu. Ameikumbatia chupa ya uji kifuani kwa mikono miwili, na uji unadondoka kwenye gauni lake kutoka kwenye lile tundu.

"Leta hiyo," bibi alimwambia. "Ndugu yako analia."

"Hapana, susu," alimjibu bibi yake. "Usimpatie."

"Kwa nini?"

"Atakuwa mbaya kama mimi."

Mama mkwe aliushusha mkono. "Nani amekuambia uko mbaya?"

"Mama," alisema. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma.

Nilisukuma mlango, nikaingia. Mama mkwe aliniona. Kwa miaka tisa mwanamke yule hakuwahi kukosa jibu, na siku hiyo nilingoja anitolee maneno, hata matusi, ili nami nipate la kujibu.  Alimlaza mjukuu wake mdogo kwenye mkeka, akasimama, akaitoa ile chupa polepole mikononi mwa binti yangu, akaing'oa chuchu na kuitupa kwenye jiko. Kisha akamimina uji kwenye kikombe, akampa mwenye jina lake.

"Kunywa wewe. Hujakula tangu asubuhi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa amekula tangu asubuhi. Binti yangu alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Lakini hakukitazama kikombe. Alinitazama mimi, anataka kujua kama anaruhusiwa.

Nilimwambia anywe. Nilimwambia tena, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba si kitu, anywe. Hakunywa. Alikiweka kikombe mezani, akakifunika kwa sahani kama nilivyofunika vikombe vyangu, akainama, akamwokota ndugu yake kwenye mkeka na kuniletea nimnyonyeshe.